Ishara ya Kutoa si Hukumu: Juu ya Usomaji wa Thamani Hasi katika Elimumitindo ya Kiswahili

Kuna sentensi moja ambayo yeyote aliyewahi kusoma tasnifu za elimumitindo kwa mfululizo ataitambua mara moja. Huja baada ya jedwali, aghalabu katika sura ya nne, na hutamka kwamba kwa kuwa thamani ya t imetokea kuwa hasi, basi matumizi ya lugha ya mwandishi wa kwanza yana upungufu yakilinganishwa na ya mwandishi wa pili. Pengine neno linalotumika si upungufu bali udhaifu. Pengine ni kutofaulu. Tumewahi hata kukuta, katika kazi ambayo hatutaitaja, mwandishi mzima akihukumiwa kuwa hakukomaa kisanaa kwa sababu ya kistari kidogo kilichosimama mbele ya tarakimu. Kistari hicho ndicho kiini cha makala haya. Tunadai kwamba kinasomwa vibaya kwa namna mbili zinazopingana, kwamba namna zote mbili zimepita mbele ya macho ya wasimamizi na watahini bila kuulizwa, na kwamba madhara yake hayaishii katika hesabu bali yanagusa kile tunachokiandika juu ya fasihi yetu wenyewe.

Tuondoe kwanza shaka moja. Hatusemi kwamba tarakimu hazina nafasi katika uhakiki. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba kuhesabu maneno ya mshairi ni kumkata ulimi, na kwamba takwimu ni mgeni aliyeingia nyumba ya fasihi bila kubisha hodi. Hao wamesahau kwamba nyumba yenyewe ilijengwa kwa kuhesabu. Mtunzi wa shairi la mapokeo huhesabu mizani minane katika ukwapi na minane katika utao kabla ya kuufunga mshororo, na Kaluta Amri Abedi alipoandika *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954 hakuwa akibuni jambo jipya bali akiandika yaliyokuwa yakijulikana na malenga. Neno lenyewe mizani ni chombo cha sokoni cha kupimia uzito. Anayeona haya kuhesabu na aone haya pia kulitumia neno hilo.

Wala uhesabuji wa kitakwimu katika fasihi si jambo la jana. T. C. Mendenhall alihesabu urefu wa maneno ya waandishi wa Kiingereza mwaka 1887. G. Udny Yule alitoa kitabu kizima juu ya takwimu za msamiati wa fasihi mwaka 1944. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha uchunguzi wao wa makala 12 za *The Federalist* ambazo haikukubalika kama ziliandikwa na Alexander Hamilton au James Madison, wakategemea maneno madogo madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri. Neno *upon* peke yake lilitokea takriban mara tatu katika kila maneno elfu ya Hamilton, ilhali kwa Madison halikufika hata mara moja. J. F. Burrows naye akaingia katika riwaya za Jane Austen kwa njia iyo hiyo mwaka 1987. Elimu ipo. Tatizo letu ni kwamba tumeichukua mashine tukaacha maelekezo yake sandukuni.

Kistari na asili yake

Jaribio la t linatokana na kazi ya William Sealy Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha pombe cha Guinness huko Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la kupanga la Student. Alikuwa na tatizo la sampuli ndogo, na sampuli ndogo ndiyo hali ya mhakiki pia, kwani hakuna awezaye kuomba waandishi waliokwisha kufa wamwongezee madondoo. Wazo lake ni jepesi. Chukua wastani wa kwanza, toa wastani wa pili, kisha ugawe tofauti hiyo kwa kadirio la jinsi ambavyo ingeyumba kwa bahati tu. Jibu huonyesha tofauti ni kubwa kiasi gani ikipimwa kwa kuyumba huko.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye waandishi wawili tutakaowaita Alifu na Be. Mtafiti ametwaa madondoo kumi kutoka kwa kila mmoja na kupima urefu wa sentensi. Wastani wa Alifu ni maneno 14.2, wa Be ni maneno 17.0, na mkengeuko sanifu wa kila upande ni 3. Tofauti ya wastani ni 14.2 kutoa 17.0, yaani −2.8. Kadirio la kuyumba ni kipeuo cha pili cha 1.8, ambacho ni 1.34. Basi t ni −2.09, kwa digrii 18 za uhuru.

Kistari kimetoka wapi? Kimetoka kwa mtafiti mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwandika Alifu kwanza, pengine kwa sababu ya mpangilio wa abjadi, pengine kwa sababu riwaya yake ilitangulia kuchapishwa, pengine kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani asubuhi ile. Angemwandika Be kwanza, t ingekuwa 2.09 bila kistari, na hakuna neno hata moja katika riwaya zote mbili ambalo lingekuwa limebadilika. Jambo linalobadilika kwa kubadilisha mpangilio wa safu za jedwali haliwezi kuwa sifa ya mwandishi. Linachotuambia kistari ni kwamba wastani uliotangulia ni mdogo kuliko uliofuata. Na sentensi fupi, kama kila msomaji wa nathari ajuavyo, si ugonjwa. Huenda Alifu amezifupisha makusudi ili tendo liende mbio. Huenda mazungumzo ni mengi katika madondoo yale. Huenda Be ndiye mwenye maneno ya kujaza. Hayo ni maswali ya uhakiki, nayo huanza pale jedwali linapokoma.

Turudi kwa Hamilton na Madison. Ukiupanga uwiano wa uwezekano ukimweka Hamilton juu na Madison chini, kisha ukachukua logi yake, kila mojawapo ya makala zile 12 itatoa thamani hasi, kwa kuwa ushahidi wa zote humwelekea Madison. Je, yupo aliyewahi kudai kwamba Madison ni mwandishi mpungufu kwa sababu makala zake ziliangukia upande wa kushoto wa sufuri? Kushoto ni mahali tu.

Kwa nini basi kosa hili limeshamiri kwetu? Tunaamini kwamba sehemu ya lawama iko katika istilahi, na hapa mhakiki wa fasihi anayo haki ya kusema kuliko mwalimu wa hesabu. Tulipolichukua neno hasi kwa ajili ya namba zilizo chini ya sufuri, neno hilo halikubaki darasani mwa hesabu. Lilihamia katika uhakiki, ambako leo tuna wahusika hasi na wahusika chanya, mitazamo hasi na mitazamo chanya, athari hasi na athari chanya. Na katika matumizi hayo yote hasi ni mbaya. Tena tumeliunganisha na thamani, neno ambalo kwa msemaji wa kawaida ni bei au heshima ya kitu. Mwanafunzi anayesoma maneno "thamani hasi" anasikia, kabla hajafikiri, kitu kisichofika bei. Hahitaji kuwa mjinga ili ateleze. Lugha imemtandikia utelezi. Nasi tuliopaswa kumwonya juu ya maana fiche za maneno, kwani hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku tunapomsomesha sitiari, tunapita juu ya utelezi huo huo pamoja naye.

Istilahi ya pili yenye lawama ni nadharia tete kanushi. Jina hili linadhaniwa kuwa tafsiri ya ile dhana ambayo jaribio huanza nayo, yaani kwamba tofauti kati ya makundi mawili ni sufuri na kwamba kilichoonekana ni bahati. Lakini dhana hiyo haikanushi chochote, inakisia sufuri. Kwa kuiita kanushi tumewafanya watafiti kadhaa waamini kwamba t ikiwa hasi imeafikiana na kanushi, na ikiwa chanya imeipinga. Tumeyasoma haya kwa macho yetu: t ya −4 na zaidi, ambayo ni ushahidi mzito wa tofauti, ikielezwa kuwa imethibitisha nadharia kanushi kwa sababu zote mbili ni za upande wa kukana. Tunapendekeza, na hatuoni haya kupendekeza, iitwe nadharia tete ya sufuri, ili jina liseme kile kinachofanyika. Umbali kutoka sufuri ndio unaohesabiwa, uwe wa kulia au wa kushoto.

Kosa la pili: kuifuta ishara

Yamkini msomaji ameshakubali hadi hapa na yuko tayari kusema: vema, tuifute ishara, tuangalie ukubwa pekee. La hasha. Hilo ndilo kosa la pili, nalo linatisha kuliko la kwanza kwa sababu linafanywa na wale wanaojidhania kuwa wamejifunza.

Jaribio lina mikia miwili pale mtafiti asipokuwa na dai la upande. Akiuliza tu kama Alifu na Be wanatofautiana, basi t kubwa ya upande wowote ni jibu, na ishara inaweza kusubiri. Lakini watafiti wengi wa fasihi hawaulizi hivyo. Wanakuja na dai: kwamba riwaya za kipindi fulani zina sentensi fupi kuliko zilizotangulia, kwamba mwandishi wa kike ana mazungumzo mengi kuliko wa kiume, kwamba tamthilia za fulani zina takriri zaidi. Dai lenye upande hupimwa kwa mkia mmoja, na hapo ishara si pambo. Ndiyo nusu ya jibu.

Turudie tarakimu zetu. Kwa digrii 18 za uhuru na kiwango cha asilimia 5, mpaka wa mikia miwili ni 2.10, mpaka wa mkia mmoja ni 1.73. Mtafiti asiye na dai la upande anapata −2.09, anaona haijavuka 2.10, na anakiri kwamba ushahidi wake haukutosha. Mtafiti aliyedai tangu mwanzo kwamba sentensi za Alifu ni fupi anaona −2.09 imepita −1.73 kuelekea upande aliousema, naye anayo haki ya kuikataa nadharia ya sufuri. Sasa aje mtafiti wa tatu, ambaye dai lake lilikuwa kwamba sentensi za Alifu ni ndefu. Matini yamemjibu kinyume kabisa. Uwezekano wake katika mkia aliouchagua ni takriban 0.97, umbali mkubwa mno kutoka 0.05. Lakini amefundishwa kufuta kistari. Anaandika 2.09, analinganisha na 1.73, anaona imezidi, na kwa furaha anatangaza kwamba nadharia tete yake imethibitishwa. Amethibitisha kwa matini jambo ambalo matini yanalikataa. Na kwa kuwa jedwali limechapwa vizuri na tarakilishi, hakuna anayegundua.

Si mzaha tunaoufanya. Mkusanyiko wa makosa ya namna hii unaweza kugeuza juu chini historia ya mtindo wa riwaya ya Kiswahili, na kizazi kijacho cha watafiti kitaunukuu kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Upo ujanja wa nne, ambao si kosa la kutojua bali ni kosa la kujua sana. Mtafiti huanza bila dai. Hupata −2.09, huona amekosa mpaka wa 2.10 kwa unywele, huitazama ishara, kisha hurudi katika sura ya kwanza na kuandika kwamba tangu awali alitarajia sentensi za Alifu ziwe fupi. Ghafla mpaka ni 1.73 na matokeo yana maana. Anayechagua mkia baada ya kuiona ishara ameongeza maradufu uwezekano wa kudanganywa na bahati: anasema asilimia 5 ilhali kwa kweli ni asilimia 10. Tunaowasimamia watafiti tunajua jinsi sura ya kwanza inavyoandikwa mwisho. Tusijifanye hatujui ni nini kinachoweza kupenyezwa humo. (Hata ile asilimia 5 haikuteremka kutoka mbinguni, R. A. Fisher aliieneza katika kitabu chake cha 1925 kama kipimo cha kumfaa mtafiti, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kililazimika kutoa tamko la kuonya dhidi ya kuigeuza mstari wa mwisho wa kila hoja.)

Uhasi uliozaliwa na mizani

Tufikie sasa mahali ambapo ushairi wetu wenyewe hutega mtego ambao vitabu vya takwimu vya kigeni haviwezi kumwonya mtu juu yake, kwa kuwa waandishi wake hawakuwa na mizani minane mbele yao.

Kuna kipimo cha uhusiano kiitwacho r, ambacho huenda kutoka −1 hadi 1. Hapa pia ishara husomwa kama cheo: r ya −0.7 huelezwa kuwa uhusiano dhaifu, au hata kutokuwapo kwa uhusiano, ilhali 0.3 husifiwa. Ukweli ni kwamba −0.7 ni uhusiano wenye nguvu kuliko 0.3, kinachosemwa na ishara ni kwamba kimoja kikipanda kingine hushuka. Hilo ni dogo, na tunalipita.

Kubwa ni hili. Mtafiti huchukua diwani ya mashairi ya mapokeo, huhesabu maneno katika kila mshororo, hupima wastani wa urefu wa maneno kwa mizani, na hutafuta uhusiano. Anapata r hasi iliyokaribia −1. Anashangaa. Anaandika kurasa tatu juu ya jinsi malenga anavyobana fikra kwa maneno marefu pale maneno yanapokuwa machache, juu ya uchumi wa lugha, juu ya fahamu ya kina ya mdundo. Hakuna alichokigundua. Mshororo una mizani 16. Ukiwa na maneno manne, wastani wa kila neno ni mizani minne. Ukiwa na maneno manane, wastani ni mizani miwili. Idadi ya maneno mara wastani wa urefu ni 16 daima, kwa malenga na kwa mwanagenzi, kwa Kimvita na kwa Kiamu, kwa shairi la mapenzi na kwa orodha ya bei za nafaka iliyopangwa vina. Kimoja hakina budi kushuka kingine kikipanda. Ile r hasi ilikuwa imekwisha kuandikwa na sheria ya utunzi kabla mshairi hajazaliwa.

Na kosa hili huzaa jingine. Mtafiti huyo huyo hulinganisha diwani ya mapokeo na ya mashairi huru, anakuta kwamba katika mashairi huru r imesogea karibu na sufuri, na anahitimisha kwamba washairi wa kisasa wamelikomboa neno. Ule mgogoro wa wanamapokeo na wanamageuzi, ambao tangu *Kichomi* cha Kezilahabi cha 1974 umetugharimu wino mwingi, sasa unadaiwa kuamuliwa kwa tarakimu. Haukuamuliwa. Palipokuwa na sharti pana sharti. Palipoondolewa sharti hakuna. Hilo tulilijua kwa kutazama ukurasa.

Karl Pearson alikwisha kuonya mwaka 1897 juu ya uhusiano wa uongo unaozalishwa na jinsi vipimo vyenyewe vilivyoundwa. Mtego wa jamaa moja upo katika asilimia. Mtafiti anayegawa maneno yote ya matini katika nomino, vitenzi na mengineyo, kisha akashangaa kwamba asilimia ya nomino ina uhusiano hasi na ya vitenzi, na akumbuke kwamba zote lazima zijumlike kuwa 100. Akipewa mmoja kipande kikubwa cha mkate, wengine watapata vidogo. Hatuhitaji nadharia ya uhuluti kulieleza jambo hilo. Vilevile yupo anayetaka kutumia jaribio la t kulinganisha idadi ya mizani kwa mshororo baina ya malenga wawili walioshika sheria. Kila mshororo wa kila mmoja una mizani 16; hakuna mkengeuko; kigawanyo ni sufuri, na tarakilishi itakataa kujibu. Katika hilo itakuwa imeonyesha busara kuliko aliyeiuliza.

Hapa tutaje kwa mkato vitu visivyoweza kuwa hasi, kwa maana tumeviona vikiwa hasi katika majedwali yaliyopitishwa. Kai-mraba hujengwa kwa tofauti zilizozidishwa kwa nafsi zake na kugawanywa kwa matarajio yaliyo juu ya sufuri. Haiwezi kuwa hasi. F ni uwiano wa mitawanyo, haiwezi. Uwezekano p hauwezi. Akiviona mtahini, asitafute fasiri. Amrudishe mtahiniwa akahesabu upya.

Kukosekana kwa neno

Burrows alipopendekeza kipimo chake cha Delta mwaka 2002, alikadiria kila neno la kawaida kwa alama z, yaani umbali wa matumizi ya mwandishi kutoka wastani wa waandishi wote waliokusanywa. Alama hasi husema kwamba mwandishi hulitumia neno hilo kwa uchache kuliko wenzake. Je, ni upungufu? Tutazame virejeshi vya Kiswahili. Mwandishi mmoja huandika "mtu ambaye alikuja", mwingine "mtu aliyekuja". Tukihesabu amba- pekee, wa pili atapata alama hasi, na mhakiki wa haraka atasema hana urejeshi wa kutosha. Anao tele, ameuweka ndani ya kitenzi. Uhasi wa hapa ni kivuli cha uteuzi wa pale, na huenda ndio alama ya mtindo wake iliyo dhahiri kuliko zote.

Hili linatupeleka kwa ule uzembe wa kuhamisha orodha za maneno kutoka Kiingereza. Pale neno la kuunganisha umilikaji ni moja na halibadiliki. Kwetu -a huvaa wa, ya, la, cha, vya, za, pa, mwa kwa kufuata ngeli. Mtafiti anayehesabu "cha" pekee na kupata t hasi hajagundua mtindo. Amegundua kwamba riwaya moja ina vyombo na viti zaidi ya nyingine. Kabla ya kuisoma ishara, shurti tuulize ni kitu gani kilichohesabiwa, na swali hilo ni letu sisi wanaisimu na wahakiki. Hakuna mwalimu wa takwimu atakayetujibia.

Na linalotupa wasiwasi kuliko yote ni matumizi ya majaribio haya katika kuamua utunzi wa mashairi ya kale. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, zilitufikia kwa hifadhi ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na hazikutoka kitabuni hadi Hichens alipochapisha *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940. Katika urithi uliopita mikononi mingi namna hii, swali la nani alitunga ubeti upi ni swali halali. Lakini mtu akichukua beti nne za mtunzi asiyejulikana, akazilinganisha na diwani, akapata t ya −0.8, kisha akasema kwamba kwa kuwa hakuna tofauti ya maana basi beti ni za Muyaka, ametenda dhuluma. Beti nne haziwezi kuikataa nadharia yoyote. Kushindwa kuonyesha tofauti si kuonyesha kufanana, kama vile kutomwona mtu gizani si kumwona hayupo.

Wenzetu wa Kiingereza wameungua kwa moto huu. Donald Foster alichapisha kitabu mwaka 1989 juu ya shairi la maombolezo lililopigwa chapa mwaka 1612 kwa herufi W. S.; katikati ya miaka ya 1990 alisimama kidete kwamba ni la Shakespeare, kwa nguvu ya maneno yaliyohesabiwa na tarakilishi, hata likaingizwa katika matoleo kadhaa ya kazi za Shakespeare. Mwaka 2002 yeye mwenyewe, baada ya kusoma hoja za Gilles Monsarrat, alikubali kwamba mtunzi yaelekea alikuwa John Ford. Alirekebishwa na nani? Na msomaji wa makini aliyeyajua mashairi ya Ford. Shakespeare hakupungukiwa kwa hilo, maana maandishi yake yamejaa maktaba. Sisi tukimbandika Muyaka beti zisizo zake, au tukimpokonya zilizo zake kwa sababu ya kistari, tutakwenda kwa nani tukarekebishwe?

Tunajua jibu litakalotolewa dhidi yetu: kwamba mambo haya ni ya idara nyingine, na kwamba mhakiki apewe nafasi ya kukosea katika fani isiyo yake. Hatukubali. Aliyelitia jedwali katika tasnifu ya fasihi amelifanya kuwa sehemu ya hoja ya fasihi, nasi tuliotia sahihi tumelimiliki. Hatumwambii mtahiniwa kwamba makosa ya Kiarabu katika uchambuzi wake wa utendi hayatuhusu. Basi tuombe mambo machache ya kawaida. Kila tasnifu iandike waziwazi wastani wa kila upande kabla ya kuandika t, ili msomaji ajue nani ametolewa kutoka kwa nani. Idadi ya mikia itajwe katika pendekezo la utafiti, lenye tarehe na sahihi, si katika tasnifu iliyokamilika. Istilahi kanushi iachwe. Na yule mtahiniwa aliyeandika kwamba mwandishi wake hakukomaa, aulizwe katika utetezi swali moja tu: angeandika nini lau angewataja waandishi wake wawili kwa mpangilio wa kinyume?